Kochi la Langoni

Chumba cha Uani,
Nyumba ya Mwashi.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Naanza kwa kukuomba radhi. Barua yako imekaa juu ya kabati tangu mtoto hajaota jino, na sasa ananing'ata. Kila nikishika kalamu, ama yeye analia, ama mimi nasinzia.

U hali gani? Goti limepoa? Wateja wako bado wanaleta vitambaa jioni na kutaka nguo asubuhi? Sisi hatujambo. Kifurushi ameanza kutambaa, ila anarudi nyuma, basi kila anachokitaka kinazidi kumkimbia. Baba yake anafundisha hesabu kama kawaida, chaki imemwingia hadi masikioni.

Sasa nikujibu. Najua Mama mkwe alikupigia simu kukueleza kwamba alikaribishwa kwenye kreti ya mbao. Ni kweli. Nawe ukaandika kwamba watu wawili wenye vyeti vya chuo hawawezi kukosa mkopo wa makochi. Dada, mkopo hatuukosi. Hapo ndipo penye shida.

Kila mwisho wa mwezi muuza fanicha huja kazini kwetu na kochi moja tu. Haongei sana. Analiweka langoni mwa hospitali, kivulini, saa ya kutoka. Sisi wa maabara tunashinda wima, kwa hiyo ukiliona miguu inaamua yenyewe. Unakaa, unazama, anakupa kalamu. Ofisi inakudhamini, makato yanaanza kwenye mshahara. Nusu ya wenzangu wamekopa hivyo, na sijamwona hata mmoja aliyetoka nyumbani akiwa amepanga.

Nami nilikaa. Nilikuwa nimetoka kumchukua Kifurushi kwa mlezi, nimempakata, nikapitiwa na usingizi palepale. Kuzinduka, kalamu iko mkononi, na muuzaji anampepea mtoto kwa fomu yangu. Jina la kwanza nilishaliandika. Mfamasia wetu akapita akasema, "Mama Kifurushi, karibu chuoni."

Kazini wote tunaujua utani huo. Mwaka jana mfamasia alipata nafasi ya kuendelea na masomo, ofisi ikamnyima ruhusa, maana mwenye mkopo uliodhaminiwa na ofisi haendi popote mpaka aumalize. Nafasi akapewa mwingine. Sasa mgeni akifika kwake hulipapasa kochi na kumwambia, "Karibu chuoni kwangu, hapa ndipo nilipohitimu." Yeye anacheka. Mkewe hacheki.

Na mimi, Dada, nilikuwa nimeomba nafasi ya kusomea ukunga. Hata Mama sikumwambia. Tangu yule mkunga aliponishika mkono mpaka Kifurushi akatoka, sijatamani kazi nyingine. Basi nikainuka, nikamrudishia muuzaji kalamu yake na kumshukuru kwa usingizi.

"Mwezi ujao nitakuletea la rangi nyingine," akasema.

"Lete," nikamwambia. "Nitalala tena."

Deni la chuo tunalo, langu na la Baba Kifurushi, na tunalipa bila kuruka mwezi. Hilo silinung'unikii, ndilo lililotupa kazi. Nililokataa ni la kuniziba njia. Baba Kifurushi alininunia kwa ajili ya mama yake, kisha mwenyewe akaigongea kreti miguu na mgongo. Mwalimu wa hesabu, na mguu mmoja umetoka mfupi. Mama mkwe alipokuja tena aliuliza, "Hiki nacho ni kiti?" Akakikalia hivyo hivyo, na baada ya chakula akalala mpaka akakoroma. Hatukumwamsha.

Wiki iliyopita jibu lilitoka. Nimepata. Afisa utumishi akafungua faili langu, akatafuta mkopo, akaukosa, akatia sahihi. Naanza mwezi wa tisa. Nitakuwa kwenye nusu mshahara na tutabanana, lakini nimelala vizuri tangu siku ile, pale mwanao anaponiruhusu.

Kwa hiyo zile pesa za makochi ulizoahidi, nakushukuru kutoka moyoni, na naomba usitume. Usininunie na wewe, mmoja alinitosha.

Nisalimie sana Shemeji, na mapacha, waambie binamu yao anawajia kinyumenyume. Mama mpe habari hii wewe, taratibu, akiwa amekaa. Mungu akutunzie macho na mikono hiyo unayotushonea.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ninapokubishia,

Mama Kifurushi

Ninavyohitaji nimeviweka huku chini ili usivipoteze: sare mbili nyeupe za mikono mifupi, uzilegeze kifuani maana bado nanyonyesha, foronya mbili nene za mito ya kile kiti, rangi isiyoonyesha uchafu, kipande cha raba cha kutia chini ya mguu mfupi, na wewe mwenyewe, wiki yangu ya kwanza ya masomo, unishikie mtoto. Pa kukaa unapo.