Koili ya Pikapu ya Mwalimu

Chawia,
Jumatano asubuhi.

Kwako kaka Nicholas,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji Pauline na Mama. Huku kwetu tuko salama, ila ukungu haujaondoka tangu Jumapili na maharagwe yanaoza shambani. Miguu ya shemeji bado imevimba? Uchungu haujaanza? Nauliza kwa sababu najua utampeleka hospitali Voi kwa ile pikapu niliyokutengenezea, na tangu nilipojua hilo silali.

Nimekupigia simu mara sita, lakini huko nyuma ya mlima Kasigau haishiki. Nikisema kweli, kila iliposhindwa nilishukuru kidogo. Kwa mdomo ningekudanganya tena.

Unakumbuka uliponiletea pikapu ukasema inazima njiani jua likiwa kali, na kwamba dereva mmoja wa Maungu amekushauri ubadilishe koili, kile chuma kinachozipa plagi umeme wa cheche. Nilicheka. Nikasema moyoni, leo mwalimu wa hesabu ananifundisha mimi ufundi! Basi asubuhi, kwenye baridi hii yetu, nikachomoa plagi moja, nikaiacha kwenye waya wake, nikaigusisha na chuma cha injini, nikamwomba Mama azungushe ufunguo. Cheche ikaruka, ya buluu, nene, inalia ta-ta-ta. Nikamwambia Mama koili ni nzima kabisa. Nikasafisha plagi tu, nikafunga boneti.

Jumamosi tukateremka kuja kwako, Mama akiwa na mizigo yake ya kuja kumlea shemeji atakapojifungua. Hadi Voi gari lilikwenda kama jipya. Tulipoacha lami pale Maungu, saa saba mchana, likaanza kukohoa, halafu likazima. Nikachomoa plagi, Mama akazungusha ufunguo: hakuna cheche. Nikashika koili, ikaniunguza kiganja. Hapo ndipo nilipoelewa. Koili ile ikiwa baridi inafanya kazi, ikipata joto inakufa, na mimi fundi mzima niliipima Chawia, mahali ambapo hata chai haikai na moto.

Kaka, kabla sijainua kichwa nikasikia matawi yakivunjika. Ndovu saba wakatoka vichakani, hatua kama hamsini kutoka tulipokuwa. Niliogopa hata kufunga boneti, wasije wakasikia kishindo. Mmoja mwenye mtoto akageuka, akatandaza masikio, akatutazama. Naona haya kuandika kwamba nilimwacha Mama peke yake ndani ya gari nikajibanza nyuma ya tairi. Yeye ndiye aliyenipitishia dirishani leso yake na chupa ya maji ya kunywa, akaninong'oneza nipoze hicho chuma badala ya kutetemeka. Nikaizungushia koili leso iliyolowa. Ndovu walipita polepole mno. Baada ya robo saa cheche ikarudi, tukaondoka.

Tulipofika uliniuliza kama nimebadilisha koili, nikakujibu nimebadilisha. Sikubadilisha, kaka. Hiyo uliyoiona inang'aa ni ile ile ya zamani; niliisugua kwa leso ya Mama kabla hatujaingia kwenu. Nilimsihi Mama anyamaze, nikamwahidi nitairekebisha kesho yake. Kesho yake nikapanda lori la kwanza nikakimbia. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini safari hii kifo hakingekuja kwangu. Kingemkuta shemeji na uchungu wake, kwenye njia ile, kwenye jua lile.

Koili mpya imo katika kifurushi anachokuletea Musyimi, yule mwenye lori la mboga. Usimpakie shemeji wala Mama kabla hujaifunga. Ukishaifunga, endesha peke yako saa nzima, jua likiwa utosini. Usiipime asubuhi.

Mpe shemeji salamu nyingi, na Mama umwambie nitamletea leso nyingine. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitakuja unikemee mbele ya mtoto.

Musyimi nimemwagiza atazame njia yote kuanzia Maungu. Akiona pikapu ya kijani imesimama boneti wazi, akupe koili kwanza, barua baadaye.

Mdogo wako mwoga,
Mwandawiro.