Matete Uliyotuachia, Nazario

Umetimia mwaka, Nazario, tangu homa ya siku tatu ikuchukue hapa Buhinyuza, na bado hatujui tukulilie au tukugombeze. Mkeo Gaudensia amefanya yote mawili, mara nyingi kwa wakati mmoja.

Ulikuwa mtu mwema. Tuseme hilo mapema, kabla hatujaanza kulalamika. Hukuwahi kumpita mgonjwa njiani, na mjukuu akilia ulikuwa wa kwanza kumbeba. Jembe nalo ulilijua. Kule Ulyankulu, Tanzania, ulikokulia ukimbizini, mama mkwe alikupa binti yake kwa sababu aliisifu tumbaku yako. Taabu ilianza tuliporudi Burundi mwaka 2008. Chama cha kuhifadhi wanyama kilikuja kutafuta watu wa kujitolea, nawe ukainua mkono kabla hawajamaliza kueleza kazi yenyewe.

Kazi ilikuwa kuwalinda misambi, wale ndege warefu wenye taji la dhahabu kichwani, ambao matajiri hupenda kuwafuga uani kama mapambo. Kila Jumamosi ulishuka bondeni kuwahesabu na kuandika kwenye daftari. Fulana ya chama uliivaa hadi kanisani. Harusi, kilio, mavuno, vyote vilisubiri hesabu ya ndege. Siku moja Gaudensia alikuuliza kama unajua wanao ni wangapi, ukamjibu kwa utulivu kabisa kwamba wana hawaruki.

Na Gitega je? Binti yenu Jeska alikuwa akishona nguo mjini huko, hivyo mahari yake ilitolewa hukohuko, nyumbani kwa mdogo wako Josephat. Wageni wakaketi, wasemaji wa pande zote mbili wakaanza maneno ya heshima, baba wa binti hayupo. Ulikuwa kwenye hoteli moja ukimbembeleza mwenye hoteli amwachilie musambi aliyekatwa mbawa. Ukaingia umechelewa, na tenga kubwa kichwani, limefunikwa kitenge kipya. Kwetu kikapu kilichofunikwa kikiingia siku kama hiyo ni zawadi, hakuna anayeuliza. Msemaji wa upande wa bwana harusi akasimama, akashukuru robo saa nzima, akataja na mababu, watu wakapiga makofi. Kitu kikishashukuriwa mbele ya wakwe, hakirudishwi. Ndipo shangazi wa bwana harusi akafunua kitenge, na musambi akamdonoa mkono.

Mtu mwingine angewaachia yule ndege, yaishe. Wewe ulisimama ukawaambia wakwe kwamba ndege huyo si wako kumtoa. Josephat alihangaika hadi jioni kuwatuliza. Ndoa ilifungwa, tunashukuru, ila yule shangazi hadi leo humsalimu Jeska kwa ncha za vidole.

Hayo yote Gaudensia aliyasamehe. Ambalo hakulisamehe ni matete. Kipande kizuri kuliko vyote katika shamba letu la bondeni, chenye maji hata kiangazi, uliking'ang'ania kisilimwe kwa sababu jozi moja ya misambi ilitaga humo kila mwaka. Majirani walivuna maharage na viazi vitamu, sisi tulivuna habari za mayai. Bonde ni la serikali, na asiyelima kipande chake hunyang'anywa. Kilichokuokoa wewe ni barua ya chama, iliyoandikwa kwa jina lako. Ulipokufa, barua nayo ikafa. Mwaka huu watu wametuacha kwa heshima ya matanga tu.

Gaudensia akaapa kwamba siku ya kumaliza matanga ndiyo siku ya kufyeka. Akakata marando ya viazi, akayafunga mafungu, akayafunika kwa gunia lililoloweshwa. Na kama vile hukutuudhi vya kutosha, misambi wako hawakuja. Mwaka mzima, hata mmoja. Tulimwona akishuka na ndoo kuchota maji ambayo hatukuyahitaji, na kila mara alirudi amenuna.

Jumamosi iliyopita tulifanya levee, ile siku ya kuondoa matanga. Baada ya misa watu waliketi uani, na kama ilivyo desturi, kila ulichoacha kikatajiwa mrithi wake. Ilipofika zamu ya matete, mkuu wa kilima, Bwana Fabiano, ambaye ndiye serikali hapa kwetu, alimgeukia Gaudensia.

"Mama Jeska, ile fasi iko majani tu. Ndege hazikurudia. Kama haulimi, tutapatia mwengine."

Alichotakiwa kusema ni neno moja, nitalima. Marando yalikuwa nyuma ya nyumba. Lakini aligeuza macho kwa mzee Kastori, jirani yetu, aliyekuwa ameketi karibu na mlango. Huyu ndiye aliyebaki hapa kilimani baba yako alipokimbia nawe mauaji ya mwaka 1972, ukiwa mtoto. Mashamba yenu watu waligawana, ila kiwanja cha nyumba Kastori alikataa kisiguswe. Walimcheka miaka nenda miaka rudi kwamba anafuga majani. Tuliporudi aliyafyeka majani hayo mbele yetu, akatuonyesha mafiga matatu ya jiko la mama yako, yakiwa palepale. Ulipiga magoti ukayashika, na Gaudensia alikuwa amesimama nyuma yako.

Basi akamwambia Fabiano kwamba matete hayafyekwi, na kwamba chama kiandike barua nyingine kwa jina lake. Fabiano hakutaka ugomvi, ila alimuuliza ndege hao atawangoja hadi lini.

"Sisi tulichelewa miaka thelathini na sita," mkeo akasema. "Na tulingojwa."

Fabiano alivua kofia, akapita kwenye jambo lililofuata. Wageni walipoondoka Gaudensia alilia kwa hasira, akasema umemshinda hata ukiwa kaburini, kisha akawagawia majirani marando yote. Tunakupenda, Nazario, na umetuchosha.

Leo asubuhi amevaa mabuti yako, yanampwaya, akashuka bondeni kuhesabu. Tulidhani atarudi upesi, kwa kuwa hapakuwa na cha kuhesabu. Amekaa huko hadi saa nne. Kwenye daftari, chini ya mwandiko wako, ameandika tarehe, na mbele yake: *bado*.

Wanaokukumbuka ni mkeo Gaudensia. Binti yako Jeska na mumewe Moses, walioko Gitega. Mdogo wako Josephat. Wanao wengine na wajukuu wako wote. Na mzee Kastori. Kukusahau hatuwezi, hata siku tunazotamani.

Buhinyuza, Muyinga, Machi 2014