Kapu la Tambuu Liwekwe Juu

Lahad Datu, Sabah
Jumapili, 9 Juni

Kwa Mama yangu mpendwa, Rambu Hamu,

Huu ni mwaka wa tano tangu nipande meli pale Waingapu. Pokea salamu zangu nyingi. Je, miguu bado inakuvimba? Farasi mwekundu yu hai? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, maana michikichi haina huruma.

Asubuhi ukungu hujaa shambani hadi tunaonekana vichwa tu, vinaelea. Mimi huota nimesimama, nikisikia kwato uani kwetu na kunusa tambuu yako. Ndipo msimamizi hunizindua: "We Indon! Umelala kama nyani aliyeshiba!" Ndivyo wanavyotuita sisi tuliotoka Indonesia, sote, kama takataka za jaa moja. Mimi Umbu, mwana wa mabwana, ambaye kwetu watu huogopa hata kulitaja jina langu! Mwanzoni nilikunja ngumi. Siku hizi mimi hugeuka kabla msimamizi hajamaliza kulitamka neno lake.

Kahi, anayeokota chikichi nyuma yangu, alipoiona ngumi hiyo alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Pole, bwana mkubwa. Wewe neno limekukuta una ndevu. Mimi nilizaliwa nalo." Nikamuuliza neno gani. Akaniambia, "Muulize mama yako. Hulisema kila akitaka maji."

Ndiyo, Mama, ni Kahi yule yule, binti wa Danga, yaya aliyenibeba mgongoni, ambao wote wawili nyumbani kwetu huwaiti ila "mtumwa". Kahi ni mke wangu tangu mwaka jana, na ana mimba ya miezi mitano. Unajua kwetu cheo hufuata tumbo la mama. Basi mjukuu wako wa kwanza ataitwa neno hilo, na kinywa cha kwanza kulitamka kitakuwa chako. Nimeshamwota. Anacheza na farasi uani, wewe unamwita kwa neno lile, naye anageuka upesi, kama ninavyogeuka mimi.

Msalimie Danga, kwa jina lake. Wasalimie na majirani.

Wageni wetu hupewa tambuu juu barazani, lakini watu wa Danga hupewa ngazini. Safari hii, Mama, kapu liweke juu barazani. Tukilikuta juu, tutapanda, na Kahi atakubusu pua kwa pua kama mkwe. Tukilikuta ngazini, nitakubusu mimi peke yangu, kisha tutageuka turudi huku.

Mwanao,
Umbu Ndawa

Tutashuka Waingapu mwezi wa nane, kwa meli ya kwanza.