Jino Lililofungwa Kama Kahawa

Jumamosi.

Na maziwa yalikuwepo jikoni, ya ng'ombe wangu mwenyewe, bado yana joto la kukamuliwa!

Asubuhi Koku, binti yangu wa miaka kumi na miwili, aliteleza akicheza rede uani, akagonga mdomo kwenye ngazi. Jino la mbele liling'oka zima. Mimi baba mjuaji nikalisugua kwa sabuni mpaka likang'aa, nikalifunga kwenye jani kavu la mgomba kama tunavyowafungia wageni kahawa ya kutafuna, tukapanda basi kutoka Muleba hadi Bukoba.

Daktari wa meno alianza kukifungua kifurushi akicheka. "Mzee, umeniletea kahawa?" Nilicheka. Yeye alipoliona jino linavyong'aa, akaacha kucheka. "Ungelisuuza kidogo tu, ukalileta ndani ya maziwa, tungejaribu kulirudisha. Sasa basi."

Ni jino la ukubwani. Halioti jingine.

Njiani Koku alininong'oneza, "Tata, angalau lilikuwa safi." Akacheka, mkono umefunika mdomo. Hajawahi kuufunika.

Miaka yote mimi ndiye wa kumchekesha. Leo mezani nilikula kimya, nikiogopa kuuona mkono ule ukipanda tena.