Petroli ya Mzee Ali

Kaka Saidi,

Nakuandikia kutoka Ampisikina, kwenye chumba kile ulichokipaka chokaa kwa mikono yako nilipokuja Mahajanga kusoma. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyorudi nayo kutoka Mombasa ukanifundisha ili tumsengenye Mama mbele yake. Kumbe Mama, kwa Kikomoro chake, alikuwa akielewa karibu yote. Aliniambia juzi. Alijaribu kucheka, ikashindikana.

Wale wageni wawili uliowabeba kwenye boti yako walitusimulia. Mmetoka ufukwe wa Andilana, bahari imechafuka, mashine ikazimika. Ukavuta kamba, ukavuta tena. Wimbi likaipindua boti. Ukawasukuma mmoja mmoja wakashika mgongo wa boti, na walipogeuka kukutafuta hukuwapo. Boti iliokotwa, tangi la petroli likiwa bado limefungwa mahali pake. Mashine imebaki chini ya bahari.

Hata matanga hayajaisha, kijiji chetu kizima cha Marodoka kilikwisha kutoa hukumu. Mzee Ali, jirani yetu, uliyekuwa ukinunua petroli kwake, ndiye aliyekuua: kaichanganya na mafuta ya taa apate faida. Hakuna aliyemwona akichanganya, lakini watu waliacha kununua kwake. Wengine walimmwagia takataka mlangoni. Na Mama, kaka, Mama aliyekuwa akimpelekea sahani kila Idi, aliacha kuitikia salamu yake.

Mimi ndiye niliyesema inaweza kupimwa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniaibisha mbele ya rafiki zako? "Mdogo wangu anasomea kuchora mistari ndani ya unywele." Ndiyo kazi yenyewe. Uzi wa kioo mwembamba, mwanga unapita ndani yake, na mahali fulani tumeuchora mistari midogo isiyoonekana kwa jicho. Pale kwenye mistari, rangi moja ya mwanga hutoroka. Ni rangi ipi, inategemea kimiminika kinachougusa uzi kwa nje na jinsi kinavyopinda mwanga. Mafuta ya taa huupinda zaidi kuliko petroli. Ukiyachanganya, hata kidogo, lile bonde ambalo rangi iliyotoroka huliacha kwenye mchoro wa kompyuta linahama.

Mama alijaza chupa kutoka tangi lako, akaifunga kwa leso yake. "Nenda," alisema. "Ukirudi, uje na jina la Ali."

Maabarani chuoni nilitayarisha petroli safi, kisha nyingine niliyoitia mafuta ya taa mwenyewe, kidogo kidogo, nijue kila moja bonde lake liko wapi. Halafu nikachovya uzi kwenye ile ya kwako. Bonde likahama! Kaka, nilipiga meza kwa furaha. Nilimwona Mzee Ali akiburutwa. Nilitaka aburutwe.

Mwalimu wangu alikuja, akaishika chupa, akauliza kwa upole, "Ilikuwa wapi hii?"

Ilikuwa dirishani, juani. Na joto nalo huhamisha bonde. Ni jambo la kwanza tunalofundishwa. Nikausafisha uzi kwa spiriti. Nikaziweka chupa zote ndani ya beseni moja la maji mpaka zikawa na joto moja, nikapima upya. Bonde likarudi pale pale penye petroli safi. Nikapima tena. Nikapima mpaka mwalimu akanishika bega.

Petroli yako ilikuwa safi, kaka.

Safari ya kurudi kisiwani kwetu Nosy Be niliiona ndefu kuliko zote. Mama alikuwa uani akichambua mchele. Nilimwambia. Alikaa na ungo mapajani, halafu akauliza, "Basi mimi nimchukie nani?"

Nikampokea ungo.

Alijitanda nguo yake ya shiromani, tukaenda. Mzee Ali alifungua mlango nusu, kama mtu anayengoja kupigwa. Mama alimwambia yote, akamwomba radhi kwa jina la Mungu. Nilidhani atakasirika, nami nilikuwa tayari kutukanwa. Mzee alishika fremu ya mlango, akakaa chini pale pale kizingitini.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Mapipa huja yamekwisha kufunguliwa. Kila nikisali namwona Saidi."

Akalia, Mama naye akalia, nami nimesimama kati yao na chupa mkononi kama mjinga.

Mzee Ali hajalifungua tena duka lake. Salamu zimerudi, lakini wapo watu wasiotaka kusikia habari ya uzi wa kioo, wanasema nimehongwa. Mashine yako ilizimika kwa nini, sijui. Sitajua. Hilo ndilo zito zaidi, kaka, zito kuliko chuki. Chuki ilikuwa ikitusaidia kuamka asubuhi.

Mwanao Nasri ameanza kutembea. Ana kidevu chako.

Pumzika sasa. Mungu akupe nafasi kaburini na akusamehe yote, hata kumsengenya Mama. Ninakuahidi hili: Nasri akikua akaniuliza baba yake alikufaje, nitamwambia mashine ilizimika, wimbi likaja, na baba yake aliwaokoa watu wawili kabla hajajishikia chochote yeye mwenyewe. Nitaishia hapo. Sitamwongezea muuaji.

Mdogo wako,
Zaina