Redio Yako, Mama, na Ndovu wa Njia ya Vitengeni

Mama yangu Jumwa,

Redio yako ingali pale pale ulipoifunga, chini ya dashibodi ya pikapu, upande wa abiria. Kaka Kahindi aliniambia niing'oe kabla wezi hawajaiona. Nikamjibu kwamba hakuna mwizi wa Kakuyuni atakayejua ni kitu gani. Ukweli ni kuwa nilikuwa naogopa kuigusa.

Watakaosoma barua hii hawakukujua, kwa hivyo niwie radhi nikikueleza mambo unayoyajua mwenyewe. Ulikuwa opareta wa simu pale Malindi, enzi zile mtu akitaka kuzungumza na Mombasa lazima apitie kwako. Mashine zilipochukua kazi ile ukarudi shambani Kakuyuni na sauti yako, na sauti ile haikuwa na kazi tena. Ulituita kula kama unayetangaza. Kisha ukasikia habari za redio ya ridhaa, watu wa kawaida wanaopewa leseni ya kuzungumza hewani bila malipo, kwa kupenda tu. Ulikuwa bibi wa wajukuu. Ukaenda ukafanya mtihani ukapita.

Nakumbuka siku kifurushi kilipofika. Tulitarajia kitu kikubwa, ukatoa kidude kinachoenea kiganjani, na mikrofoni yake ikikaribia kulingana nacho. Rafiki yako Salim, fundi wa friji wa kule Shela ya Malindi, ambaye mimi nilimwita Ami, alikuwa na redio kubwa ya zamani na mlingoti wa antena juu ya dari yake. Alikitazama kidude chako akacheka hadi akavua miwani.

"Bi Jumwa, hiki wamekuuzia cha watoto."

"Na pensheni yangu nayo ni ya watoto," ukamjibu.

Aibu za kidude kile tulizijua moja baada ya nyingine. Kioo chake kilikuwa cha rangi nzuri ajabu, lakini jua likikipiga huoni kitu. Ukizungumza kidogo tu, mgongo wake unapata moto wa kuunguza kidole. Kila kitufe kilipiga kelele kikibonyezwa, na kitabu cha maelezo kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza ambacho hata Waingereza wangekikimbia, kwa hivyo hukujua kamwe jinsi ya kuzinyamazisha zile kelele. Ukiwasha, ilipiga muziki kwanza, kwa sauti ya juu kabisa, ndipo ikubali kufanya kazi. Na betri ikiwa dhaifu, ukibonyeza ili uzungumze, ilizimika, ikajiwasha tena yenyewe, na muziki ule ukaanza upya.

"Huyu ni kama mjomba wako Katana," ulisema. "Ukimwomba kidogo anakupa. Ukimwomba kingi anazirai."

Lakini uliipenda. Kila siku, Ami Salim akisha kuswali alasiri, alifungua redio yake Malindi, nawe ukaingia kwenye pikapu hata kama hatuna safari. Mlitajiana namba zenu za leseni kwa heshima kama mabalozi, kisha mkazungumza juu ya mvua na bei ya samaki. Mara kwa mara ulininyooshea mikrofoni. "Shika, Dama. Haing'ati." Nilikataa kila mara. Kilichonitisha ni kile kimya kinachokuja ukiachia kitufe, pale ambapo hujui kama yuko mtu au hayuko.

Sasa niiseme ile siku.

Tulikuwa tunatoka Vitengeni kwa mama mdogo Mbeyu. Alitupakilia magunia mawili ya maembe yaliyoiva kweli kweli, yananukia hadi ndani ya gari. Ulikuwa umejidunga insulini yako ya kisukari, na wali ulikuwa unatungoja nyumbani, ukakataa kula kwa Mbeyu kwa sababu hukutaka tuchelewe. Mkebe wako wa glukosi, ambao huachani nao, ulikuwa umebaki juu ya friji.

Njiani, pale barabara ya vumbi inapoukaribia msitu, mkanda wa injini ukakatika. Gari likachemka, likazima. Nilijaribu kuliwasha tena na tena, kwa ujinga, hadi betri ikaanza kulia kama mtu mwenye pumu. Simu yangu haikuwa na mtandao. Yako pia.

Wewe ndiye uliyewaona kwanza. Hukupiga kelele. Uliweka mkono juu ya paja langu, ukakaza vidole.

Niliwaona kwenye kioo cha nyuma wakitoka msituni, jike mkubwa na ndama wake, na mwingine akafuata. Nilikuwa nimewaona ndovu kwa mbali maishani mwangu, kama wakulima wote wa upande huu, na asubuhi nimehesabu mihogo iliyong'olewa. Sikujua kwamba wakiwa karibu hawana sauti. Kitu kikubwa vile kinakuja, na unachosikia ni majani makavu tu. Kisha gari likainama nyuma. Jike alikuwa ameingiza mkonga kwenye maembe.

"Vioo," ulininong'oneza. Nikavipandisha polepole. Jasho lilinitiririka hadi machoni. Nilitaka kufungua mlango nikimbie, na nadhani ningekimbia, Mama, kama mkono wako usingekuwa pajani mwangu.

Ukaionyesha redio kwa kidevu; ilikuwa alasiri, saa ya Ami Salim.

Nikatikisa kichwa. Ule muziki!

Ukavua leso yako mabegani, ukaikunja na kuikunja, ukaibana juu ya spika kwa viganja viwili na uzito wako wote. Ukaniangalia. Nikawasha. Muziki ukatoka kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Nyuma yetu utafunaji ukakoma. Nilimwona jike kwenye kioo, masikio yametanuka, yamejaa kioo chote. Tukakaa. Sijui tulikaa kwa muda gani. Akarudia maembe yake.

Ukabonyeza kuzungumza, na kile kidude kikazirai. Kikazima, kikajiwasha, na muziki ukaanza tena kabla hujaiwahi leso. Ndama akalia. Jike akaligonga gari kwa kichwa. Taa ya nyuma ikapasuka, nami nikang'ata kifundo cha mkono wangu nisipige ukelele. Alama ninayo mpaka leo.

Hapo ndipo nilipokuona ukifanya jambo ambalo sitalisahau. Jua lilikuwa limejaa kwenye kioo cha redio, huoni herufi hata moja, nawe ukatafuta mpangilio wa kurusha sauti kwa nguvu ndogo, kwa vidole tu, kitufe baada ya kitufe, ukivibonyeza kupitia leso ili kelele zake zife humo humo. Ulijua betri ile haiwezi nguvu kubwa. Ulijua pia kwamba kwa nguvu ndogo huenda Malindi wasitusikie kabisa.

Ukaita. Ukaita kwa ile sauti ya kazini, ya chini, iliyonyooka, kana kwamba unamwunganisha mtu na Mombasa. Hakuna. Ukaita tena. Hakuna. Mara ya tatu, katikati ya mvumo, tukamsikia Ami Salim:

"Anayeita, sauti yako iko mbali mno. Tafadhali rudia."

Nilianza kulia kimya kimya. Wewe ukaanza kurudia, ukataja namba yako, ukasema "Tuko," kisha maneno yakaanza kugongana mdomoni mwako. Ukasema Vitengeni mara mbili, kisha ukasema jina la marehemu baba. Nilidhani ni woga umekuzidi. Nilipokutazama uso ulikuwa umelowa, midomo imepauka, na macho yako yananitazama bila kunijua. Mikrofoni ikaanguka mapajani mwako.

Ilikuwa sukari, imeshuka.

"Bi Jumwa?" Ami Salim aliita. "Bi Jumwa, ungali hewani?"

Hakukuwa na mtu mwingine wa kumjibu. Niliishika mikrofoni. Nikabonyeza kitufe.

"Ami, ni Dama. Tuko njia ya Vitengeni, kando ya msitu, hatujafika Kakuyuni. Gari limekufa. Ndovu wametuzunguka. Mama sukari imeshuka."

Nikaachia kitufe. Kile kimya nilichokiogopa maisha yangu yote kikaja, nikangoja na jike akipumua nyuma ya kisogo changu.

"Nimekusikia, mwanangu. Usizungumze tena, watakusikia. Nawapigia simu askari wa wanyama sasa hivi. Mpe mama kitu kitamu. Chochote kitamu."

Kitu kitamu! Magunia mawili yalikuwa nyuma ya kichwa changu, na kati yangu nayo kulikuwa na kile kidirisha kidogo cha kusukuma cha pikapu, na upande wa pili mkonga.

Siwezi kusema nilikuwa jasiri. Nilifumba macho. Nilisukuma kidirisha, nikapitisha mkono, nikapapasa. Pumzi yake ikanipiga, ya moto, yenye harufu ya embe. Kisha ncha ya mkonga, imelowa, ikanishika kwenye kifundo, ikapanda polepole hadi kwenye kiwiko, ikinusa, kama kipofu anayetaka kujua huyu ni nani. Nilijisemea, akivuta sasa, mkono unakwenda. Nikasoma Baba Yetu nikaikosea. Mkonga ukaniacha. Ukaenda kuchukua embe jingine, nami nikachukua langu.

Nililipasua kwa meno. Nilikukamulia maji yake ndani ya shavu tone kwa tone, nikikusugua koo. "Meza, mayo, mama yangu. Meza." Ulimeza. Nilirudisha mkono dirishani mara nyingine, na hiyo mara ya pili niliogopa zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa najua ninachokifanya.

Askari walikuja na gari lao wakipiga honi na kufyatua risasi hewani. Ndovu hawakukimbia, walijiondokea tu, ndama mbele. Ulipofungua macho yako vizuri kitu cha kwanza ulichoniuliza ni, "Umemshukuru Salim? Usifunge redio bila kumshukuru mtu."

Jioni kadhaa baadaye, tukipepeta mahindi uani, nilikuuliza uliwezaje kuita kwa sauti ile bila kutetemeka. Ulicheka. Ukatazama kama kuna anayesikia.

"Nilijikojolea, Dama. Pale pale kitini. Kazini walinifunza kusema polepole. Hawakunifunza kutoogopa. Sasa ole wako umwambie Salim."

Nisamehe, Mama. Nimeiambia dunia nzima. Lakini sijui kama kuna kitu ulichowahi kunipa kilichonifaa zaidi ya maneno yale.

Ugonjwa ule ule ulirudi kukuchukua, kitandani kwako, baada ya mvua za vuli. Mkono wako ulikuwa mkononi mwangu. Ami Salim alikuja mazikoni Kakuyuni, akasimama nyuma na kanzu yake nyeupe kwenye matope, na alipokuja kunipa pole alisema jambo moja tu: "Mimi nitafungua redio kila alasiri, kama kawaida. Si lazima ujibu."

Akafanya hivyo. Nilikuwa naiwasha nikiendesha, naipunguza sauti, namsikiliza. "Kakuyuni, kuna mtu hewani?" Anangoja. Anauliza tena. Anasema, "Haya, kwa kheri ya leo." Leseni yangu ilikuwa imeshatoka wakati huo, kwa maana nilikwenda kufanya mtihani bila kumwambia mtu. Hata hivyo sikujibu. Nilihofu kwamba nikijibu kwa jina langu, pale ulipokuwa wewe patajaa, na utakuwa umekwenda kweli. Na kuna hofu nyingine, ya usiku na mchana, ya kuisahau sauti yako. Sina mahali nilipoihifadhi. Mlizungumza kila siku hewani na hewa haikubakisha hata neno.

Juzi nilikuwa natoka Vitengeni peke yangu, nimempelekea mama mdogo dawa zake. Nilifika kando ya msitu. Nilipunguza mwendo, kisha nikaongeza, kisha nikapunguza. Kila kisiki nilikiona kina masikio. Mara Ami akafungua.

"Kakuyuni, kuna mtu hewani?"

Nilisimamisha gari. Nilibonyeza. Nilitaja namba yangu, si yako, na sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Ami, shikamoo. Ni Dama. Niko kando ya msitu. Naogopa."

Nikaachia kitufe. Nilihesabu pumzi zangu. Nilidhani nguvu ni ndogo, hakunisikia.

Kisha sauti yake ikaja, na ilikuwa imekatika katikati.

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia vizuri." Akaongeza: "Mimi nami nilikuwa naogopa. Macho yangu yanazimika, watoto wako mbali, na kila siku nikiita nilikuwa najiambia, siku nikianguka humu chumbani nani atajua? Usinyamaze tena muda mrefu hivyo."

Tulizungumza mpaka nikaona mabati ya Kakuyuni. Kesho ninampeleka kwa daktari wa macho Kilifi. Nitampitia asubuhi, naye ameniuliza kama anaweza kukaa upande ule wa redio. Nimemwambia kiti ni chake.

Pumzika, mayo, mahali pasipo na safari. Ninakusalimia na woga wangu wote, maana ndio niliokuwa nao,

Mwanao wa kike,
Dama