Neno Lililobaki Kwenye Kaboni

Baba,

Shikamoo. Nimejiitikia mwenyewe marahaba, kwa ile sauti yako nzito, mpaka Mama Sikujua akachungulia dirishani kuuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na cherehani. Akacheka, akaenda zake na sinia lake la karanga.

Leo ni Ijumaa, watu wametoka msikitini sasa hivi. Nimekaa kwenye kiti chako, na juu ya cherehani yako nimeweka lile sanduku la bati ulilokuwa hutaki tuliguse. Ng'ambo ya barabara kuna gari jeupe limeegeshwa tangu asubuhi, vioo vimepandishwa juu na jua hili la Isevya. Mama Sikujua amewapelekea waliomo karanga, hawakufungua. Nitakueleza habari ya gari hilo, lakini si mwanzoni. Ukianza kupewa habari mbaya ulikuwa husikilizi zilizobaki.

Basi nzuri kwanza. Wajukuu zako ni wazima. Mdogo amechukua masikio yako, maskini. Mlimau wako umezaa, na jirani wa nyuma bado anaiba kama zamani, siku hizi anasalimia kabisa wakati anachuma. Mimi bado ni mwandishi wa gazeti hapa Tabora, kazi ileile uliyoiacha wewe. Hukunizuia kuingia, ila hukusoma hata habari yangu moja. Nilikuwa nakuona unaligeuza gazeti ukurasa wenye jina langu ukiwa chini, unaweka kikombe cha chai juu yake. Niliumia, Baba. Leo nakwambia.

Sasa nianze na Mwenyekiti.

Unajua nilivyompenda yule mtu. Wewe ndiye uliyenifundisha kumpenda. Ulikuwa ukisema, "Huyu alikuwa anauza magazeti dirishani mwa treni pale stesheni ya Igalula, leo treni nzima inamsoma yeye." Ulikuwa unalisema huku unacheka, kama vile magazeti yale mliuza pamoja. Gazeti lake, hili tulilolitumikia wewe na mimi, likawa na redio, redio ikawa na televisheni, na tangu mwanzo watu wote, hata mkewe nadhani, wanamwita Mwenyekiti. Nilipokuwa binti nilikata picha yake nikaibandika juu ya kitanda, wenzangu wanabandika waimbaji.

Na siku ya msiba wako alikuja. Alitoka Dar es Salaam kwa gari usiku kucha, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka na mafundi cherehani wenzako. Kabla jeneza halijatoka, Ba'mdogo alisimama akatangaza kama ilivyo desturi, kwamba anayemdai marehemu aje kwetu sisi jamaa zake. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nasikia kupitia dirishani. Halafu nikasikia sauti ya Mwenyekiti: "Mimi simdai kitu. Yeye ndiye anayenidai." Wanawake wote ndani waliguna kwa heshima. Mimi nililia mpaka wakanitoa shungi nipate hewa. Walidhani nakulilia wewe tu.

Ndiyo, nilikuwa nakulilia wewe. Lakini pia nilijua anazungumzia nini. Katika watu wote waliokuwa pale ni mimi na yeye tu tuliojua.

Baba, kuna mwalimu mmoja anaitwa Masanja, wa kijiji kile cha upande wa Puge. Ni mjukuu wa Bibi Nyamizi. Miezi miwili iliyopita, wakati wanapanga vitu vya marehemu mama yake, alikuta ukurasa wa gazeti letu umekunjwa ndani ya kanga. Una ile picha uliyompiga bibi yake, na juu yake herufi kubwa: BIBI ADAIWA KUROGA. Hakuwahi kuuona. Alipokuwa mtoto aliambiwa tu kwamba watu walikuja. Akaenda redioni, si ya Mwenyekiti, akauliza swali moja kwa upole kabisa: nani aliandika kwamba bibi yangu ni mchawi?

Swali hilo limewaka kama nyasi za kiangazi. Vijana wanamtukana Mwenyekiti kwenye simu, wazee wanamtetea, hotelini watu wanagombana mpaka wanaachiana chai. Yeye kanyamaza. Lakini wiki iliyopita walikuja Isevya wanaume wawili wenye mizani, wananunua magazeti ya zamani kwa kilo. Hawataki makopo, hawataki vyuma, wanataka magazeti tu, na wanauliza ya miaka ile. Mama Sikujua aliwauzia rundo zima la kufungia karanga, kisha akaja kuniuliza, "Mwanangu, hawa watu wana karanga kiasi gani?" Nilicheka naye. Alipoondoka niliingia ndani nikafunga mlango, mchana kweupe.

Nisikilize sasa, na usiondoke.

Ule mwezi uliokwenda kijijini kwa Bibi Nyamizi ulirudi na homa. Ulikuwa umekaa naye siku nzima. Amekupa michembe ya viazi vilivyokaushwa na maji ya mtungi, umemwona anapika kwa kinyesi cha ng'ombe kwa sababu kuni ziko mbali, umeona ule moshi unavyomwingia machoni. Watoto wa jirani walikuwa wamekufa kwa homa na watu walikuwa wanayaangalia macho yake mekundu, wanasema ni ya mchawi. Ulichapa habari yako huku unatetemeka, jasho linadondokea taipureta, na sentensi yako ya kwanza ilikuwa, "Bibi Nyamizi anasingiziwa uchawi." Filamu ya picha ukaituma kwa basi. Simu hukuweza. Ukanituma mimi, nina miaka ishirini na mbili, niende kwenye kibanda cha simu nikawasomee Dar es Salaam neno kwa neno.

Aliyepokea alikuwa Mwenyekiti mwenyewe. Siku hizo gazeti lilikuwa changa, alikuwa anapokea simu kama karani. Baba, nilikuwa nazungumza na ile picha ya juu ya kitanda. Nilisoma sentensi ya kwanza akanisimamisha. Akasema kwa upole, kama mwalimu: "Anasingiziwa ni hukumu, binti. Gazeti halihukumu. Tuweke anadaiwa, au wewe unaonaje?"

Hakuna mtu mkubwa aliyewahi kuniuliza mimi naonaje. Na nilikuwa najua neno lako ulilipigania. Nilikuwa nimekusikia unalisema peke yako ndani ya homa, anasingiziwa, anasingiziwa, kama mtu anayetafuta uzi wa rangi moja na kitambaa. Nikasema, "Sawa, Mwenyekiti."

Gazeti lilifika Jumatatu kwa basi. Kule kijijini hakuna aliyepima tofauti ya kudaiwa mchawi na kuwa mchawi. Walisema gazeti limesema. Alhamisi Bibi Nyamizi alikutwa mlangoni pake amekatwa mapanga.

Wewe ulikuwa umepata nafuu. Ulisimama pale uani na gazeti mkononi, ukaniuliza, "Uliwasomea kama nilivyoandika?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Basi ukaamini ni wahariri wa Dar es Salaam waliokubadilishia neno. Ukaifunika taipureta kwa kitambaa cha mabaki, ukarudi kwenye cherehani, na hukuandika tena hata barua ya harusi. Ulipenda kusema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi ndiye niliyepiga teke ndoo, nikakuacha unakung'uta kanzu yako miaka yote ile.

Na Mwenyekiti hakunitaja. Uliposafiri kwenda kumlaumu alipokea lawama zote, akainamisha kichwa. Aliponiajiri baadaye hakugusia kabisa. Nilimwona ni muungwana kuliko watu wote. Nikawafundisha vijana wangu wa kazi maneno yake, kwamba gazeti halihukumu, na ni maneno ya kweli, Baba, hilo ndilo linalonitesa. Nilidhani ananistahi. Sasa naona alikuwa ameniweka akiba.

Alinipigia juzi. Hakupandisha sauti. Aliuliza habari za wanangu kwa majina, akanipongeza kwamba yule mkubwa amehamia shule nzuri. Sijamwambia mtu yeyote kazini kwamba amehama. Halafu akasema atafika Tabora Jumamosi, azungumze na waandishi, na angependa nikae karibu yake. Atasema ile habari ilichapwa kama ilivyopokewa kutoka kwa mwandishi wetu wa hapa. Nikamwambia huyo ni baba yangu. Nikasikia anapumua.

"Binti yangu," akasema, "marehemu hashitakiwi."

Kisha akaniomba lile sanduku. Alijua una tabia ya kuweka nakala za kaboni. Akasema atatuma gari, atalitunza yeye, kwangu mchwa watalila. Nilimjibu nini? Nilimjibu vilevile, Baba. Sawa, Mwenyekiti. Ulimi ulikwenda wenyewe.

Ndiyo hilo gari, linangoja nilitoe sanduku.

Usifikiri kwamba simpendi tena. Ningekuwa namchukia ingekuwa rahisi. Nikikumbuka alivyokaa kwenye mkeka wako bado moyo unalainika, na siamini kwamba maneno yale yalikuwa ya uongo. Nadhani siku ile alikuwa tayari kulipa, na leo anaogopa. Mtu mkubwa akiogopa, walio chini yake hawalali. Tangu juzi simu yangu inaita, nikipokea hakuna anayesema, nasikia feni tu inazunguka mahali. Jana walimu wa shule walinieleza kwamba mjomba alikuja kumwulizia mtoto. Wanangu hawana mjomba, wewe unajua, nimezaliwa peke yangu. Nimewapeleka kwa Ba'mdogo asubuhi kabla gari halijafika.

Halafu nikafungua sanduku. Ulizipanga kwa miaka na kuzifunga kwa tepu yako ya kupimia ya zamani, ile iliyofutika namba. Karatasi ya Puge ilikuwa juu kabisa. Haikuwa mahali pake, ilikuwa juu kabisa, pembe zimelainika, kama kitu kinachotolewa mara kwa mara. Herufi za kaboni zimefifia kuwa za buluu. Anasingiziwa. Neno limo, limepigiwa mstari kwa wino, na pembeni, kwa mwandiko wako wa miaka ya mwisho, ule uliokuwa unatetemeka, umeandika: "Zuhura alisoma nini?"

Baba.

Ulijua? Au ulikuwa unajiuliza tu? Ulikaa na swali hilo kwenye kiti hiki, mimi nakuletea uji, nakufunga vifungo vya kanzu, na hukuniuliza mara ya pili. Ulikuwa unaningoja. Nimekaa na karatasi hii tangu saa tatu na sijui nilie kwa lipi.

Masanja anakuja kutoka Nzega kwa basi la alasiri. Nilimpigia mwenyewe. Ningeweza kumpa karatasi na kunyamaza, na jina lako likasafika, na watu wote wakamgeukia Mwenyekiti, na mimi nikabaki binti wa mtu mwema. Nilifikiria hivyo mpaka nilipoona mwandiko wako pale pembeni. Sitaukata. Ataipata na swali lako, na jibu nitampa mimi kwa mdomo wangu. Kesho nitakaa karibu na Mwenyekiti kama alivyotaka, na akishasema yake nitasimama niseme kwamba baba yangu aliandika anasingiziwa, kwamba yeye aliuliza tuweke anadaiwa, na kwamba aliyesema sawa ni mimi.

Kazi itakwisha, hilo silo ninaloliogopa. Naogopa macho ya Masanja. Na naliogopa lile gari, sitakudanganya tena. Nimeinua kichwa sasa hivi, limewashwa, lakini haliondoki. Mama Sikujua amehamisha sinia lake, amekaa kwenye kizingiti changu na kanga yake kiunoni, anajifanya anachambua karanga. Sikumwomba.

Pumzika, Baba. Nisamehe ukiweza, na kama huwezi, ningoje tu kama ulivyozoea. Nakuahidi kesho hutasingiziwa. Marehemu hashitakiwi, amesema. Lakini mimi niko hai, nipo nyumbani kwako, mlango nimeufungua.

Anayekudai, aje kwangu.

Mwanao,
Zuhura